Dunia Inaruka Ukitembea? Shida Inaweza Kuwa Masikio, na Sindano Uliyodungwa

Umeshuka mat pale Jogoo Road na unaingia Jericho kwa mguu. Kila hatua unayopiga, bango la duka lililo mbele yako linaruka juu chini, juu chini. Ukisimama, linatulia. Ukianza kutembea, linaruka tena. Msee anakupungia mkono kutoka ng'ambo na humtambui mpaka usimame kabisa. Usiku mambo inakuwa mbaya zaidi: stima ikipotea unayumba kwa korido kama mtu ametoka sherehe, na hujaonja hata tone.

Majirani watakuwa na majibu tayari. Umelewa. Ni presha. Umerogwa. Unaringa, ndio maana husalimii watu. Wewe mwenyewe utaamua ni macho, uende mjini, utoe doh ya miwani, urudi nayo, na bango bado linaruka.

Sababu ni kwamba shida ya aina hii mara nyingi haiko kwa macho. Iko ndani ya sikio. Na kuna njia moja ya kuipata ambayo watu wa mtaa wanafaa kuijua mapema, kwa sababu ikishakupata, dawa ya kuirudisha nyuma haipo: aina fulani ya sindano ambayo wengi wetu tumedungwa bila kuuliza inaitwaje.

Kichwa chako kina kitu ya kutuliza picha

Wale wanaoshuti video za ngoma wanajua. Ukikimbia na kamera mkononi, video inatoka inatetemeka mpaka mtu anaskia kutapika. Ndio maana kamera inawekwa kwa kifaa cha kuituliza. Sasa jiulize: striker anakimbia pale Camp Toyoyo, kichwa kinaruka kila hatua, na bado anaona mpira vizuri. Nani anamtulizia picha?

Ni sikio. Ndani kabisa, nyuma ya sehemu inayosikia, kila sikio lina mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara na kujaa maji. Ukigeuza kichwa, maji yale yanabaki nyuma kidogo na kuinamisha seli zenye vinywele vidogo. Seli zinatuma habari kwa ubongo, na ubongo unasukuma macho upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kichwa kikienda kulia, macho yanaenda kushoto. Picha inabaki pale pale.

Hii kazi inafanyika kwa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Macho peke yake, yakijaribu kufuata kitu kinachosonga, yanachelewa kama mara kumi zaidi ya hapo. Kwa hivyo sikio likizima, macho hayawezi kuziba pengo. Kila hatua, kila shimo ambalo mat inagonga, dunia inaruka. Madaktari wanaita hali hiyo osilopsia. Sisi tuseme tu dunia inacheza.

Jaribu hii saa hii

Shika simu yako mbele ya uso, umbali wa mkono, na usome mstari mmoja wa hii stori. Sasa tingisha simu kushoto na kulia haraka, kichwa kikiwa kimetulia. Herufi zinachanganyika, si ndio?

Geuza mambo. Simu itulie, halafu tingisha kichwa kama mtu anayekataa, kwa kasi ile ile. Mtu ambaye masikio yake yako fiti ataendelea kusoma karibu vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya ile mifereji.

Kama ukitingisha kichwa herufi zinavurugika vile vile kama ulivyotingisha simu, usipanik, lakini pia usipuuze. Jaribio la nyumbani halitoi jibu la daktari. Linakupa sababu ya kwenda kumwona. Na kama shingo yako ina shida, lipitie tu kwa kusoma, usilifanye.

Sindano iliyookoa watu na kuwatikisa

Sasa tufike pale pa maana. Kuna familia ya dawa za kuua bakteria ambayo ndani yake kuna streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini, ile wengi wanaita "jenta". Ni dawa kali na zimeokoa watu wengi sana. Lakini zina tabia moja: zinaingia kwa sikio la ndani na kuua zile seli zenye vinywele. Binadamu haoti zingine. Kuku wanaota, sisi hapana.

Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943 na ikawa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya TB. Miaka michache baadaye, daktari mmoja Mmarekani aliyekuwa akitibiwa nayo kwa TB ya goti alipoteza mizani yote. Mwaka 1952 aliandika habari yake kwa jarida la madaktari na kujiita J.C. tu. Alieleza kwamba hata akiwa amelala kitandani hangeweza kusoma, kwa sababu mapigo ya moyo yalikuwa yanatikisa kichwa kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha kurusha herufi. Alikuwa anabana kichwa katikati ya vyuma viwili vya kitanda ndio asome. Hebu fikiria hiyo: moyo wako mwenyewe unakutikisia kitabu.

Hii si stori ya mbali. Mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na wenzao wa Uingereza walianza kujaribu matibabu mafupi ya TB kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Zamani mtu alikuwa anatibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wao walionyesha miezi sita inaweza kutosha, na matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 1972. Dunia nzima ya leo inatibu TB kwa muda mfupi kwa sababu ya kazi iliyofanyika kwa wagonjwa wa huku kwetu. Na moja ya dawa zilizokuwa ndani ya matibabu hayo ilikuwa sindano ya streptomaisini.

Sindano hiyo haikuondoka haraka. Kwa miaka mingi, mtu ambaye TB ilimrudia alikuwa anadungwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Mwenye TB sugu alidungwa kanamaisini kwa miezi mingi zaidi. Ni mwaka 2017 ndio Shirika la Afya Duniani lilisema ule mpango wa streptomaisini kwa wanaorudia matibabu uachwe, na mwaka 2018 likasema kanamaisini isitumike tena kwa TB sugu. Leo TB sugu kwa wengi inatibiwa na tembe bila sindano.

Kwa hivyo piga hesabu. Kama kuna mzee au mathe kwa ploti yenu aliyewahi kudungwa "zile sindano za TB", na tangu wakati huo anatembea akishika ukuta na haendi popote giza likiingia, huenda si uzee. Mwulize tu pole pole: ukitembea, vitu vinaruka? Wengi hawajawahi kuulizwa hilo swali hata siku moja.

Na jenta je?

Jentamaisini bado iko, na inafaa iwepo. Mtoto mchanga akipata maambukizi ya damu, jenta pamoja na penisilini ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa. Usimkatalie mtoto wako dawa hospitalini kwa sababu ya kitu umesoma kwa simu.

Noma iko pengine. Iko kwa ile tabia ya kuingia chemist, kusema mkojo unawasha au tumbo linauma, na kuinua mkono wa shati udungwe "ile kali" siku tano bila kipimo, bila jina, bila mtu kuuliza kama figo zako ziko sawa. Figo ndizo zinatoa hii dawa mwilini. Zikiwa chovu, dawa inakaa na kujazana, na sikio linaumia.

Kuna mambo matatu ya kushika hapa.

Kwanza, jenta hupenda kuharibu mizani kuliko kusikia. Mtu anaweza kupimwa masikio, aambiwe anasikia kila kitu, atumwe nyumbani, na bado mifereji yake imekufa.

Pili, shida inaweza kujitokeza siku au hata wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Ndio maana watu hawaunganishi hayo mambo mawili. Na kwa sababu masikio yote mawili huumia pamoja, mara nyingi hakuna kuzunguka kwa nguvu. Ni kuyumba tu na dunia kuruka.

Tatu, kuna familia ambazo zinaumia kwa dozi ndogo sana, kwa sababu ya kitu kinachorithiwa kupitia mama. Kama mathe, shosho au mjomba wa upande wa mama alipoteza masikio baada ya sindano, hiyo habari lazima daktari aijue kabla hajashika bomba.

Maswali ya kuuliza kabla hujadungwa

1. Hii dawa inaitwaje? Piga picha ya kichupa. Miaka mitano mbele, hiyo picha inaweza kuwa ndiyo jibu la daktari wako.
2. Kuna ya kumeza ambayo itafanya hiyo kazi?
3. Figo zangu zimepimwa? Kwa mzee, mwenye sukari au mwenye presha, hili swali ni la lazima.
4. Ni siku ngapi, na nani ataangalia kama naanza kuyumba?
5. Je, inagongana na dawa zangu zingine? Dawa ya kukojoza kama Lasix ikichanganywa na hizi sindano inaongeza hatari.

Ukiona muuza dawa anakasirika kwa sababu ya hayo maswali, hapo umepata jibu lako. Toka.

Lakini si kila kizunguzungu ni hiyo

Kabla uanze kumlaumu kila aliyewahi kukudunga, jua kuna vitu vingine vinavyofanana.

*Ukigeuka kitandani nyumba inazunguka, halafu inaacha chini ya dakika moja.* Hiyo mara nyingi ni mawe. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo vya chokaa, na vikitoka mahali pake na kuingia kwa mfereji vinavuruga maji. Inawapata wazee, na pia vijana waliogongwa kichwa, kwa mfano walioanguka na nduthi bila helmeti. Habari njema ni kwamba fisio au daktari anaweza kugeuza kichwa chako kwa hatua chache na kurudisha vijiwe mahali pake. Njia hiyo ilibuniwa na daktari anayeitwa John Epley wa Marekani. Wengi wanapona kwa kikao kimoja au viwili, bila tembe.

*Kuzunguka kwa nguvu siku nzima, hata siku kadhaa, na kutapika.* Inaweza kuwa neva ya sikio moja imevimba. Lakini stroke pia inaweza kuanza hivyo, kwa hivyo hii si ya kungoja Jumatatu.

*Kuzunguka kwa saa kadhaa, sikio limejaa, linalia na halisikii vizuri, halafu inarudi mwezi ujao.* Mwone daktari wa masikio. Huo ni ugonjwa wenye jina na wenye mpango wake.

*Dawa za kifafa.* Fenitoini au kabamazepini zikizidi mwilini, macho yanaanza kucheza na mtu anatembea kama mlevi. Usiache dawa mwenyewe. Rudi kliniki dozi iangaliwe.

*Pombe.* Hii mnaijua, ila hamjui sababu. Ukilala ukiwa umelewa, kitanda kinazunguka kwa sababu pombe inaingia haraka kwa kile kipande laini kinachohisi maji ya sikio, na kinakuwa chepesi kuliko maji yenyewe. Ubongo unadhani unageuka. Baada ya saa kadhaa maji nayo yanapata pombe, mambo yanasawazika, halafu asubuhi yanageuka upande wa pili. Ndio maana kutoa lock kunakupa nafuu ya uongo: unasawazisha sikio kwa muda tu.

Lakini kuna ya hatari zaidi. Mlevi wa kila siku asiyekula vizuri anaweza kuishiwa vitamini B1. Macho yanakwama au yanacheza, anayumba hata akiwa hajalewa, na akili inachanganyika. Mtaani watasema "ni keroro tu, atalala iishe." Haitaisha. Anahitaji vitamini B1 ya sindano hospitalini siku hiyo hiyo, ama kumbukumbu inaweza kupotea milele.

Mtoto ambaye macho yake yanacheza yenyewe

Kuna watoto wanaozaliwa na macho yanayotikisika kushoto na kulia bila kusimama. Inaitwa nistagimasi, na inaonekana sana kwa watoto wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya, kwa hivyo si kitu cha kushangaa ukikutana nayo darasani.

Ajabu ni kwamba watoto hawa kwa kawaida hawaoni dunia ikiruka, kwa sababu ubongo wao ulizoea tangu utotoni. Shida yao ni kuona kwa ukali. Wengi hugundua kwamba wakiinamisha au kugeuza kichwa upande fulani, macho yanatulia kidogo na ubao unasomeka vizuri. Mwalimu, tafadhali, usimwambie anyooshe kichwa. Mwache hivyo, mweke mbele, mpe maandishi makubwa. Hana kiburi. Anatafuta pale ambapo macho yake yanapumzika.

Ila mtu mzima, au mtoto ambaye macho yake yalikuwa sawa, yakianza kucheza ghafla, hiyo ni stori nyingine. Apelekwe hospitali.

Kimbia hosi ukiona hizi

Kizunguzungu au dunia kuruka ikija ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kushuka upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, kichwa kuuma vibaya, au kushindwa kabisa kusimama: hiyo inaweza kuwa stroke. Usingoje ipoe. Usipewe chai ya tangawizi. Tafuta gari.

Kama si dharura, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. KNH wana kliniki hiyo. Ukifika, usiseme "nina kizunguzungu" peke yake, kwa sababu hilo neno linabeba magonjwa ishirini. Sema hivi: "Nikitembea vitu vinaruka, nikisimama vinatulia, gizani nayumba, na mwaka fulani nilidungwa dawa fulani." Sentensi hiyo moja inaweza kukuokolea miezi ya kuzungushwa.

Imeshatokea. Sasa?

Kama seli zimekufa, hakuna tembe ya kuzirudisha, na yeyote anayekuuzia moja anakula pesa yako. Lakini ubongo ni mjanja. Unaweza kufunzwa kutumia macho, miguu na shingo kuziba sehemu ya pengo.

Fisio atakuonyesha zoezi kama hili: nyoosha kidole gumba mbele yako, kikazie macho, halafu geuza kichwa kushoto na kulia bila kuacha kukiangalia. Dakika moja, mara kadhaa kwa siku, kwanza umekaa, baadaye umesimama karibu na ukuta, mwishowe ukitembea. Itakuletea kizunguzungu mwanzoni. Ndivyo inavyofanya kazi. Ukikaa kitandani ukiogopa kusonga, ubongo haujifunzi.

Nyumbani, weka tochi karibu na kitanda, maana stima ikienda macho yako hayana msaada na sikio halipo. Vaa viatu vyenye soli nyembamba ngumu, miguu iskie ardhi. Ukitaka kuvuka Jogoo Road, simama kabisa, angalia pande zote ukiwa umetulia, ndio uvuke. Usisome simu ukitembea. Na usiogelee peke yako, kwa sababu chini ya maji mtu asiye na mizani anaweza kukosa kujua juu ni wapi.

Kwa familia na mabeshte: msee wako asipokusalimia barabarani, labda hakuoni, si kwamba amekutoa kwa list. Mngoje asimame. Mshike mkono usiku bila kumfanyia mzaha. Na wale vijana wa base wanaomcheka mzee wa ploti kila jioni akipita ameshika ukuta, waambie wamuulize kwanza alidungwa nini, na lini.